Nilivyozinyoosha Kazi za Mama

Katika ofisi ya kupiga chapa niliyofanyia kazi mjini Kitale, kulikuwa na huduma moja ambayo haikuandikwa kwenye orodha ya bei ukutani. Tuliiita kunyoosha. Mtu alileta barua ya kuomba kazi aliyoiandika kwa mkono, karatasi imekunjwa mara nne na kulowa jasho la mfukoni, nasi tuliichapa. Lakini hatukuichapa kama ilivyokuwa. Maneno yaliyozunguka tuliyaelekeza. Habari ya mjomba aliyekufa na kuacha yatima watano tuliitoa. Mwenye barua alirudi saa kumi, akaona jinsi karatasi ilivyo safi, akatia sahihi, akashukuru na kwenda zake. Wengi hawakusoma. Katika miaka yote niliyokaa pale, sikumbuki hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Aliyenifundisha kunyoosha ni mwenye ofisi, mama wa makamo ambaye wazazi wake walitoka mkoa wa kati kuja kulima mahindi Trans-Nzoia. Siku yangu ya kwanza alichukua barua niliyoichapa, akaishika mbali na macho kama mtu anayeshika nepi.

"Wee, hii umechapa namna gani?"

"Nimechapa vile ameandika."

"Vile ameandika! Sasa wewe ni mashine? Huyu akikosa kazi atasema ni sisi. Nyoosha."

Nilijifunza haraka. Napenda vitu vikae mahali pake. Kufikia mwisho wa mwaka wateja walikuwa wakiniulizia mimi: yuko wapi yule msichana anayejua kupanga maneno? Mwenye ofisi alipoingiza mtandao kwa waya wa simu, akaweka kompyuta tatu zilizofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, mimi ndiye niliyepewa kuziangalia. Ukurasa mmoja ulifunguka polepole, mstari kwa mstari, na mtu akipiga simu ya ofisi kila kitu kilikatika. Bei ya dakika chache ingenunua sukari ya chai ya jioni nyumbani kwetu.

Nyumbani kwetu ni Bumula, upande wa pili wa Bungoma. Mama alikuwa akifundisha watoto wa chekechea kwenye chumba cha udongo nyuma ya kanisa tangu nikiwa darasa la tatu. Baba alikuwa ameshafariki. Mama hakuwa na cheti chochote cha ualimu. Alianza kwa sababu aliyekuwepo aliolewa akaenda mbali, na wazazi wakamwomba akae na watoto wiki moja tu. Wiki hiyo ikawa miaka kumi na saba. Watu walimwita Mwalimu, hata pasta, hata wazee waliomzidi umri. Mimi aliniita Kukhu, yaani nyanya, kwa kuwa nilipewa jina la nyanya yake, na sijui kama aliwahi kuniita kitu kingine.

Kisha kamati ya shule ikamwita. Walimwambia kwa upole, kwa kuwa wengi wao watoto wao walipitia mikononi mwake: Mwalimu, tunakupenda, lakini mambo yamebadilika, sasa ni cheti. Walimpa miaka miwili.

Mimi ndiye niliyeleta habari ya chuo. Niliiona kwenye kioo cha kompyuta mchana mmoja wakati mvua ilikuwa imefukuza wateja: mafunzo ya ualimu wa chekechea kwa njia ya mtandao, unasoma ukiwa kazini, kazi unazituma kwa barua pepe, mwisho unafanya mtihani. Kwenda chuo cha kulala Mama asingeweza. Nani angebaki na watoto? Hii ilionekana kama imeandikwa kwa ajili yake. Shida ilikuwa moja. Bumula hakukuwa na kompyuta. Saiba za Bungoma mjini, vile vyumba vya kukodisha kompyuta, zilitaka nauli ya kwenda na kurudi, na ukifika unalipia kila dakika, hata zile unazotumia kutafuta herufi.

Basi nikapanga utaratibu. Niliupanga vizuri, na nilijivunia. Somo likija kwenye barua pepe niliyomfungulia, nililichapa ofisini baada ya kazi. Mwenye ofisi aliniruhusu. Nililitia kwenye bahasha na kumpa dereva wa gari la mkate lililotoka Kitale kwenda Bungoma kila Jumanne na Jumamosi. Naye aliliacha kwenye duka ambalo Mama alipitia. Mama alisoma, akaandika majibu kwa mkono kwenye karatasi za daftari, na bahasha ikarudi Kitale ikinukia mkate. Nilichapa majibu na kuyatuma. Kwa njia hiyo Mama alisoma kwa mtandao karibu miaka miwili bila kuugusa.

Kazi ya kwanza iliuliza jinsi ya kumsaidia mtoto mwenye hofu anayeanza shule. Mama alijaza kurasa nne. Aliandika juu ya mvulana mmoja aliyeng'ang'ania ua wa shule siku tatu, analia, hataki kuingia. Alimbembeleza, akampa uji, akamwita mama yake, wapi. Siku ya tatu aliona kwamba mtoto ananyamaza akimwona yeye anafagia uwanja. Usiku huo akatengeneza ufagio mfupi. Asubuhi akauweka chini karibu na ua, hakumsemesha, akaendelea kufagia. Baadaye akasikia kuna ufagio wa pili nyuma yake. Walifagia pamoja mpaka mlangoni, na mtoto akaingia darasani anafagia, bila kujua kwamba ameingia. "Nilimwacha afagie mpaka chini ya dawati la nyuma," Mama aliandika, "na hapo ndipo alikaa mpaka akaenda darasa la kwanza."

Niliisoma nikitabasamu. Kisha nikaweka vidole kwenye herufi na kufikiri: hii ni hadithi, si jibu. Nikaitoa. Mahali pake nikaandika kwamba mwalimu anapaswa kuandaa mazingira rafiki, kujenga uhusiano wa kuaminiana na kumshirikisha mzazi. Hoja tatu, kila moja na aya yake. Nilizipata kwenye somo lenyewe. Sikufikiri kwamba nilikuwa nikifanya kosa. Nilikuwa nikimfanyia Mama kile nilichomfanyia kila mteja, na kwa kuwa alikuwa Mama, nilikifanya kwa makini zaidi.

Mkufunzi aliandika maoni mafupi: kazi ina mpangilio mzuri na lugha ya kitaaluma, endelea hivyo. Nilichapa maoni hayo peke yake nikayatuma na mkate. Mama alinipigia kwa simu ya jirani.

"Kukhu, huyu mwalimu anasema lugha yangu ni ya nini?"

"Ya kitaaluma."

"Ni vizuri ama ni vibaya?"

"Ni vizuri sana, Mama."

Alicheka mpaka nikaondoa simu sikioni. Nilimsikia akimwambia jirani, "Umesikia? Na mimi niliachia darasa la saba!" Ile karatasi aliikata vizuri kwa makasi akaiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi.

Kazi zilikuwa kumi na moja. Aliandika juu ya kuhesabu kwa vizibo vya soda, na juu ya msichana ambaye hakusema neno muhula mzima kisha siku moja akaimba wimbo wote peke yake, na jinsi ya kujua kwa macho kwamba mtoto hajala. Vyote nilivitoa. Nakala nilizichapa na kuzipanga kwenye faili, kazi ya kwanza juu, ya kumi na moja chini, na kwenye kila moja nilibana maoni ya mkufunzi pembeni. Maoni yalizidi kuwa matamu. Mama hakuomba kuona zilizochapwa. Aliamini ni zile zile, ila zimevaa nguo safi.

Likizo ya Aprili, kabla ya mtihani, alikuja Kitale wiki nzima ili mkono wake uzoee kompyuta. Alifika na sweta mbili kwa ajili ya baridi, na mlangoni akavua viatu.

"Mathe, vaa viatu, hapa si msikiti," kijana mmoja akamwambia. Walikuwa watatu, walikuja kila siku kuangalia picha za magari.

"Mtoto wa jirani yangu anasoma Bungoma mjini, na kwao wanavua. Wanasema vumbi linaua hii mashine."

"Mathe anatafuta mchumba wa ng'ambo, bana," mwingine akasema.

Mama akakaa, akasukuma kipanya kama anayesukuma pasi, na bila kugeuka akajibu, "Natafuta mama yako. Nimwambie saa hizi uko hapa na si shambani."

Walicheka mpaka mwenye ofisi akatoka kuangalia. Kufikia siku ya tatu wale vijana ndio waliokuwa wakimwonyesha jinsi ya kubonyeza mara mbili bila kuruka. Alichapa kwa kidole kimoja, kile cha shahada, na kila akipata herufi aliitaja kwa sauti, kama anavyofanya darasani. Alikuwa mzito, lakini hakuwa na hofu.

Siku ya nne aliniomba kitu. "Nipe zile kazi zangu, nizisome. Nisije nikasahau nilichoandika."

Faili lilikuwa rafu ya juu, mbele ya macho yangu. Nakumbuka ilikuwa kama saa tano, na nje mkokoteni wa magunia ulikuwa umekwama kwenye tope na watu wakiusukuma kwa kelele. Nilivuta droo ya chini nikampa zile karatasi za daftari alizoziandika kwa mkono. Akazipokea, akafurahi kwamba nimezitunza. Alizisoma siku mbili, akicheka peke yake mahali pengine. Mimi niliendelea na kazi. Sikusema kitu, na ile ndiyo siku ninayoirudia zaidi kuliko zote.

Mtihani aliufanya Bungoma mjini, kwenye saiba moja karibu na soko, pasta akiwa msimamizi, kama chuo kilivyotaka. Nilisafiri kwenda kuwa naye, lakini sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa kwenye benchi la fundi wa viatu ng'ambo ya barabara. Saa tatu nzima. Kupitia mlango niliona mgongo wake na kile kidole kikipanda na kushuka. Umeme haukukatika, na mtandao haukukatika. Mimi niliyekuwa nikiogopa hayo mawili, niliona kwamba Mungu amesimama nasi.

Alitoka akinyoosha vidole. "Nimemaliza yote!"

"Walikuuliza nini?"

"Waliuliza vile ninavyofundisha. Nikawaambia." Alikuwa anang'aa. "Nimewaambia juu ya yule mtoto wa ufagio. Na vizibo. Kukhu, vitu vilikuwa vinatoka tu vyenyewe, vile ninavyokuandikia."

Nilimshika mkono nikamwambia hongera. Tulikunywa chai na mandazi kwenye hoteli ndogo, yeye akieleza na mimi nikiitikia.

Wiki sita baadaye barua ikaja. Niliifungua mimi, kwa neno la siri ambalo mimi tu nililijua. Chuo kiliandika kwamba mtihani haufanani hata kidogo na kazi kumi na moja zilizotangulia. Kwamba kuna shaka kubwa kuwa aliyekaa kwenye mtihani si mwanafunzi mwenyewe. Na kwamba alama zimezuiwa mpaka apate kujieleza. Nilisoma mara mbili. Katika shughuli nzima ile, mahali pekee ambapo Mama alikuwa mwenyewe ndipo walipomwona mtu mwingine.

Niliandika maelezo siku hiyo hiyo. Nilisema ukweli wote: kwamba mtihani ni wake, na kazi zile nilizibadilisha mimi bila yeye kujua. Hata barua hiyo niliipanga vizuri, aya kwa aya. Jibu lilikuwa fupi na halikuwa na ukali. Walinishukuru kwa ukweli. Kazi ambazo mwanafunzi hakuziandika haziwezi kuhesabiwa; mtihani peke yake hautoshi; anakaribishwa kujiandikisha upya kuanzia mwanzo.

Muda wa kamati ulikuwa unaisha mwisho wa muhula ule.

Jumanne mbili gari la mkate lilipita, na barua ya matokeo sikuitia kwenye bahasha. "Leo mwarimu hana kitu tena?" dereva akauliza. "Ama chuo kimefunga?" Nikamwambia kimefunga. Jumamosi ya pili nikachukua faili, nikamwomba anipeleke mimi mwenyewe.

Nilimkuta Mama nyuma ya nyumba anachambua kunde. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakuelewa kwanza. Akadhani amefeli, akaanza kunifariji. "Si nitarudia? Hata watoto wangu wanarudia." Ikabidi nimpe faili.

Alijifuta mikono kwenye leso, akavaa miwani, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza. Mama husoma akifuata mstari kwa kidole. Alipofika mwisho akafunua ukurasa, akaufunua nyuma, akaangalia kama kuna karatasi zilizogandana.

"Mtoto wa ufagio yuko wapi?"

"Nilimtoa, Mama."

Akaenda kazi ya pili, na ya tatu. "Na vizibo?"

"Nilivitoa."

"Yule wa kuimba?"

Alizisoma zote kumi na moja, na kunde zikabaki kwenye ungo, na kuku wakaja wakazila bila kufukuzwa. Jua lilihama kutoka mlangoni mpaka kwenye jiko la nje. Mwisho akafunga faili, akalilinganisha kingo kwa viganja, kama kitu cha mtu.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nanyoosha."

Kisha akaingia ndani, akatoka na Biblia. Alifungua Zaburi, akatoa kile kikaratasi kilichokatwa kwa makasi, na vingine kumi ambavyo sikujua alikuwa ameviweka, akanipa.

"Hizi basi ni zako," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Hakujiandikisha tena. Nilimwambia nitalipa, nitakuja mwenyewe kila mwezi, nitakaa kando tu; akasema amechoka. Muhula uliofuata kamati ilileta msichana mwenye cheti kutoka Kimilili, mpole, asiye na kosa lolote. Mama alimkabidhi ufunguo, daftari la majina na mkebe wa vizibo. Ufagio mfupi aliuacha nyuma ya mlango. Sijui kama msichana aliambiwa ni wa nini.

Mama hakunisema kwa mtu. Aliendelea kunitumia njugu na mboga kwa gari la mkate, zimefungwa vizuri. Lakini karatasi hakutuma tena. Kikundi chao cha akina mama kilipotaka kuchapisha katiba yao, alisafiri nayo mpaka Bungoma na kusimama nyuma ya kiti cha mchapaji mpaka neno la mwisho. Niliambiwa na shangazi, aliyedhani ni jambo la kuchekesha.

Mimi niliacha kunyoosha. Mwenye ofisi aliuliza nina nini siku hizi, mbona barua zangu zimeanza kutoka na yatima watano. Nikamwambia nachapa vile mtu ameandika. Akanitazama, akakumbuka pengine siku ile ya kwanza, akaniacha.

Kufikia mwisho wa miaka ile, simu zenye mtandao zilianza kushuka bei. Vitu tulivyokuwa tukivingoja ofisini mstari kwa mstari sasa vilifunguka kwenye kiganja. Nilimnunulia Mama moja, nikaipeleka Bumula mwenyewe. Nilimweleza kwamba sasa anaweza kusoma kitu chochote akiwa jikoni kwake, hata chuo, hata barua pepe. Aliigeuza, akaangalia nyuma, akaangalia mbele.

"Nikiandika hapa, kinafika vile nilivyoandika?"

"Kinafika hivyo hivyo."

"Hakuna mtu katikati?"

"Hakuna mtu, Mama."

Alikaa kwenye kigoda, akavaa miwani. Kile kidole cha shahada kikaanza kupanda na kushuka, naye akitaja herufi kwa sauti. Ilichukua muda mrefu. Kisha simu yangu ikalia mfukoni, ingawa kati yetu zilikuwa hatua mbili tu.

"Soma," akasema.

Nikasoma. "Mimi ni mama yako. Niko Bumula. Mvua imenyesha tangu asubuhi na mbuzi wamekataa kutoka."

Alikuwa ameinamia simu yake, akifuata kwa kidole kila neno nililotamka. Nilipomaliza alirudisha kidole juu, akaniambia nisome tena, polepole. Nikasoma tena. Kidole kikaenda mpaka mwisho wa mstari kikasimama.

"Ni vile vile," alisema, akainuka kwenda kuepua sufuria.